Mwacha Asili: Siku Tuliyotafuta Majina ya Wazee

Wahenga walinena, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hii twaisikia tangu utoto, nasi walimu tumeifundisha mara nyingi darasani, tukaieleza kuwa ni onyo kwa vijana wanaodharau mambo ya kwao. Walakini wako watu katika pwani yetu ambao methali hii huwachoma, maana kwao mambo yalikwenda kinyume. Wazee wao hawakuwa watumwa kwa kuwa waliiacha asili, bali waliachishwa asili kwa kuwa walifanywa watumwa. Sisi tunaoandika habari hizi ni wa ukoo huo. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu jinsi tulivyokwenda katika maonyesho ya nasaba na historia za jamaa, na mambo tuliyojifunza huko juu ya mataifa mengine, na juu ya nyumba yetu wenyewe.

Maonyesho hayo yalifanywa kwa siku moja katika ukumbi mkubwa wa mji mmoja wa pwani. Tulikwenda walimu wanne, na dada yetu akafuatana nasi. Tulidhani tutakuta watu wachache, wazee watupu. Kumbe ukumbi ulijaa. Walikuwako mabinti wenye watoto migongoni, wazee wenye mikongojo, vijana wa shule za juu. Wengi walichukua vitu vya nyumbani vilivyofungwa katika leso: picha zilizofifia, vyeti vya ndoa, Biblia kuukuu zilizoandikwa siku za kuzaliwa watoto katika karatasi ya kwanza.

Mlangoni kila mgeni alipewa karatasi iliyochorwa mistari mfano wa matawi ya mti. Chini liliandikwa neno moja, "Wewe". Juu yake palikuwa na nafasi mbili, ya baba na ya mama. Juu ya hizo nafasi nne, kisha nane, kisha kumi na sita. Binti aliyezigawa alituambia hivi: "Waalimu wangu, jambo mlilo na hakika nalo liandikeni kwa kalamu ya wino. Lile mlilolisikia tu, liandikeni kwa penseli." Tulicheka kidogo, tukaona ni mchezo wa watoto. Jioni tulijua kwamba neno lile ndilo lililokuwa hekima ya siku nzima.

Basi tukakaa kujaza. Mwenzetu mmoja ni Muganda, naye alianza upande wa baba yake bila kuinua kichwa. Alipomaliza nafasi za karatasi aliendelea kwa mdomo, akataja baba na babu hata akafika wa tisa, kisha akataja ukoo wake na mwiko wake. Sisi tuliandika baba na mama. Tukaandika babu na bibi wanne. Katika wale wanane tuliandika watano. Kisha kalamu ikasimama. Mwenzetu akauliza kwa wema, "Ndugu zangu, kwenu ni wapi hasa?" Tukajibu kama tulivyofundishwa nyumbani tangu zamani: "Sisi ni watu wa pwani." Jibu hilo si la uongo, walakini tulijua kwamba si jibu la swali lake.

Tuseme kwanza juu ya hesabu, maana yafaa kila mtu aijue. Kila mtu ana wazazi 2, na wazazi hao wana wazazi 4, na hao wana 8. Ukizidi kuzidisha mara mbili, katika kizazi cha kumi utakuta nafasi 1,024. Tukikisia kizazi kimoja kuwa miaka 30, vizazi kumi ni kama miaka 300 tu. Kwa hiyo hata yule mwenzetu aliyetaja babu tisa alitaja njia moja katika njia nyingi mno. Na mama wa mababu hao, na mama za mama zao, wengi wamekwisha sahauliwa. Hakuna mtu duniani aijuaye nasaba yake yote. Kila mtu ana mahali ambapo kalamu husimama. Tofauti ni kwamba wengine husimama mbali, wengine karibu. Na wengine husimama kwa kusahau, wengine kwa kunyang'anywa.

Meza ya kwanza ilihusu nasaba zinazohifadhiwa kwa mdomo. Huko Rwanda, katika ufalme wa kale, walikuwako watu wa baraza la mfalme ambao kazi yao ilikuwa kuishika kichwani nasaba ya wafalme, nayo iliitwa ubucurabwenge. Tulipendezwa kusikia kwamba katika nasaba hiyo mfalme hakutajwa peke yake. Alitajwa pamoja na mama yake, na ukoo wa mama yake. Buganda nako, Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro, alikusanya habari za wafalme kutoka vinywani mwa wazee, akazipiga chapa katika kitabu mwaka 1901. Alifanya hivyo kwa wakati wake, kwa sababu wazee waliokumbuka mambo hayo walikuwa wakipungua.

Katika pwani yetu nasaba ziliandikwa mapema zaidi. Habari za wafalme wa Kilwa zilimfikia mwandishi wa Kireno João de Barros, naye akazitia katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1552. Husimuliwa humo kwamba aliyeujenga ufalme wa Kilwa alikuwa Ali, mwana wa Sultani wa Shirazi katika nchi ya Uajemi. Ali huyo alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama zao walikuwa wa jamaa bora, na mama yake yeye alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Akaona ni heri aondoke, akavuka bahari. Wasomaji watazame jambo hili: jamaa nyingi za pwani zimejisifu kwa jina la Shirazi, na katika habari za kale zenyewe, mwanzo wa sifa hiyo ni mwana wa mtumwa.

Twapaswa kusema pia kwamba nasaba za namna hii hazikutunzwa kwa mapenzi ya wazee tu. Nasaba ilikuwa hati ya mali. Mwenye kutaja babu zake alistahili shamba, au kiti, au mahari. Kwa sababu hiyo majina mengine yaliongezwa ili ukoo uwe wa kale, na mengine yaliachwa kwa kuwa yalileta aibu. Mwalimu wa historia akisikia nasaba hana budi kuuliza, "Nani aliitunza, na ilimfaa nini?"

Meza ya pili ilikuwa ya vitabu vya makanisa. Huko Uingereza amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko katika kila mtaa wa kanisa ilitolewa mwaka 1538, na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane. Katika Kanisa la Kirumi, Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kwamba kila padre awe na kitabu cha kuandika ndoa. Hivyo hata mkulima asiye na kitu aliandikwa jina mara tatu katika maisha yake, na wajukuu zake waweza kumwona leo.

Desturi hiyo ilifika kwetu pamoja na misheni. Krapf na Rebmann waliweka kituo Rabai mwaka 1846. Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja, na Sultani akampa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kukataza biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Walakini majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na manowari za Kiingereza zikayafukuza. Watu waliopatikana humo walipelekwa wapi? Kwao hapakurudika, maana vijiji vilichomwa na njia zilikuwa mikononi mwa wauzaji. Basi wengi walipelekwa Mbweni katika kisiwa cha Unguja, na Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la watu wa Mbweni hata wakakaa Masasi.

Watu hao waliandikwa. Lakini hebu wasomaji wafikiri kazi ya mwandishi. Ameletewa mtoto wa miaka saba au minane, aliyedhoofika kwa njaa ya njiani na ya jahazini. Lugha yake haisikii. Akimwuliza jina, mtoto hutaja jina alilopewa na mwenye kumnunua. Akimwuliza kwao, mtoto hutaja mto au kilima, na kilima hicho hakimo katika ramani yo yote. Akimwuliza jina la baba, hujibu, "Baba." Basi mwandishi huandika kabila kwa kukisia, na umri kwa kukisia, na mahali pa baba na mama huvuta mstari mtupu. Baadaye mtoto akibatizwa, hupewa jina jipya.

Wachache walihifadhi majina yote mawili. Yuko Matthew Wellington, aliyekufa Mombasa mwaka 1935. Alikuwa mmoja wa vijana waliolelewa Nasik katika nchi ya India, wakapelekwa kumsaidia Livingstone mwaka 1872, kisha wakashiriki kazi ile ya kuichukua maiti yake mpaka pwani. Jina lake la Kiyao lilikuwa Chengwimbe, nalo halikupotea. Yuko James Mbotela wa Freretown, aliyeandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934, akaeleza jinsi watu hao walivyotekwa na walivyookolewa. Mtu aandikaye habari za wazee wake namna hiyo amewatendea wema watu wengi, wala si jamaa yake tu.

Katika meza hiyo hiyo zilielezwa barua za uhuru. Watumwa wengi waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, na mabwana zao wakatisha kuwatwaa kwa nguvu. Ndipo George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipopatana na mabwana hao, wakalipwa fedha, na tarehe 1 Januari 1889 barua za uhuru zikatolewa Rabai. Waliowekwa huru kwa mapatano yale walikuwa zaidi ya 1,400. Uhuru wa sheria kwa wote ulichelewa: Unguja na Pemba utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo wako wazee wanaoishi leo ambao bibi zao walizaliwa utumwani. Jambo hili si la kale kama tunavyopenda kudhani.

Katika meza ya tatu tuliona kwamba msiba huu si wetu peke yetu. Huko Marekani serikali huhesabu watu kila miaka kumi. Katika hesabu za mwaka 1850 na 1860, majimbo yaliyokuwa na utumwa yaliandika watumwa chini ya jina la bwana wao: umri, mume au mke, rangi, bali majina yao wenyewe, aghalabu, hayakuandikwa. Vita vilipokwisha mwaka 1865 watumwa walipata uhuru, na hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina kama watu wengine. Basi watu weusi wa Marekani wanaotafuta wazee wao hufika mwaka 1870 na kuona kama ukuta. Wengine huupenya kwa vitabu vya ofisi ya serikali iliyowahudumia watu waliowekwa huru kati ya mwaka 1865 na 1872, maana ziliandikwa humo ndoa, mikataba ya kazi na shule. Wengine hutafuta katika wasia wa mabwana, ambamo babu yao ameandikwa kati ya ng'ombe na vyombo vya nyumba.

Mwaka 1976 Alex Haley alitoa kitabu kiitwacho Roots, akasimulia nasaba yake mpaka kijiji kimoja cha Gambia. Kitabu kile kiliwaamsha maelfu ya watu kutafuta asili yao. Lakini wataalamu waliofuata nyayo zake katika maandishi waliona kwamba viungo vingine vya mnyororo ule havishiki. Twasema hivi bila kumdharau, maana mtu mwenye kiu ya babu zake ni rahisi kukubali kikombe cha kwanza atakachopewa. Hapo tulikumbuka wino na penseli.

Meza ya nne ndiyo iliyokuwa na vijana wengi, nayo ilikuwa ya vinasaba. Siku hizi mtu hutoa mate kidogo katika kichupa, na wataalamu huyapima. Kuna sehemu ambayo mwanamume huipata kwa baba yake tu, na baba kwa babu, na kuna nyingine ambayo kila mtu huipata kwa mama yake tu. Kwa njia hii elimu imepata mambo makubwa. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza vipimo vya mifupa ya watu 80, waliozikwa hasa katika miji ya kale ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi wao walikuwa na asili mbili: ya Kiafrika, iliyotoka zaidi kwa akina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, iliyotoka zaidi kwa akina baba, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Hivyo habari za Shirazi si hadithi tupu. Wala si habari nzima, maana akina mama wa Kiafrika, ambao nasaba nyingi hazikuwataja, wamejitaja wenyewe katika mifupa ya watoto wao.

Kijana mmoja alimwuliza mtaalamu, "Kipimo hiki chaweza kunionyesha ukoo wangu?" Naye akajibu kwa haki kwamba hakiwezi. Kipimo hulinganisha mate yako na ya watu wengine waliokwisha pimwa. Chaweza kukuonyesha jamaa wa mbali naye akiwa amepimwa. Chaweza kukuambia upande gani wa nchi watu wa namna yako ni wengi. Hakikuambii jina la kijiji, wala jina la mama aliyelia siku ile mtoto wake alipotwaliwa.

Basi tukarudi meza ya pili, kwa kuwa mtunza vitabu alituambia kwamba yako nakala ya daftari la kituo kile walichokaa wazee wetu, na watu wa jamaa hizo wanaruhusiwa kulitazama. Hapa hatuna budi kueleza jambo la nyumbani.

Katika kijiji chetu ziko nyumba sita ambazo tangu utoto tuliwaita watu wake shangazi, baba mdogo na ndugu. Walikuwa wa makabila mbalimbali. Wengine walisema ni Wanyasa, wengine Wamakua, wengine Wangindo. Hatukujua undugu huo ulitoka wapi, wala hatukuuliza. Miaka mingi iliyopita kaka yetu mkubwa alitaka kumwoa binti wa nyumba mojawapo. Kwa sheria ya Kanisa hapakuwa na kizuizi, kwa damu hapakuwa na kizuizi. Wazee walikataa. Aliuliza sababu, akaambiwa, "Haiwezekani, nawe usiulize tena." Kaka yetu aliona amedharauliwa, akaondoka nyumbani kwa hasira. Alipokufa baba yetu alikuja mazikoni, akakaa usiku mmoja, akaenda zake. Mama yetu alimlilia mpaka siku ya kufa kwake.

Tulifungua nakala ile, tukatafuta jina la ubatizo la bibi wa bibi yetu. Tulilikuta katika orodha ya mwaka 1880. Msichana, umri, yapata miaka 8, kabila, Myao, baba, mstari, mama, mstari. Dada yetu aliweka kidole juu ya ule mstari, akanyamaza. Kisha tukaona jambo jingine. Juu ya jina lake na chini yake palikuwa na majina mengine sita ya watoto, wote wa tarehe ile ile, wote wametolewa katika jahazi moja. Tukayasoma polepole. Yalikuwa majina ya wakuu wa zile nyumba sita.

Tukageuza kurasa mpaka miaka ya ndoa na ubatizo. Kila mmoja wa wale saba alipooa au kuolewa, shahidi alikuwa mmoja wa wenzake. Kila mtoto alipobatizwa, msimamizi alikuwa mmoja wao. Katika Biblia zetu za zamani limo neno mjoli, yaani mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Watoto wale walianza kama wajoli, lakini katika kitabu kile tuliwaona wakifanywa ukoo.

Tuliporudi tulikwenda kwa bibi yetu, ambaye sasa anakaribia miaka tisini, nasi tulimkuta akichambua mchele barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu wangu. Nyuso zenu zaonyesha mmeona kitu."

Dada yetu akamsomea yale majina saba. Bibi aliweka ungo chini.

"Bibi yangu alikufa mimi ni msichana mdogo," akasema, "lakini namkumbuka. Alikuwa akisema, 'Wale niliteremka nao ndio baba yangu na mama yangu.' Walikula kiapo wangali vijana kwamba watoto wao na wajukuu wao hawataoana kamwe. Watu baki huoana, ndugu hawaoani. Nao walitaka kuwa ndugu kweli, maana hawakuwa na ndugu wengine duniani."

Tukamwuliza, "Mbona kaka hakuambiwa hivyo?"

Bibi alikaa kimya kitambo. "Mngemwelezaje kiapo bila kumweleza jahazi? Na mngemwelezaje jahazi bila kusema watumwa? Neno lile lilikuwa tusi, wajukuu wangu. Mtoto alitupiwa kisimani, akarudi analia. Tuliona heri tunyamaze. Sasa naona tulimpoteza mtoto kwa ajili ya neno."

Jioni ile tulimpigia kaka yetu simu, tukamweleza yote. Aliuliza kama jina la babu wa yule binti limo katika orodha. Tukamwambia limo, la nne kutoka juu. Hakusema neno kwa muda mrefu, hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema atakuja wakati wa Pasaka, ili alisome mwenyewe. Hatuwezi kuwaambia wasomaji kwamba miaka iliyopotea itarudi. Twasema tu kwamba hasira yake ilitokana na jambo asilolijua, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa wakati wote.

Katika sura ya pili ya Ezra twasoma habari za makuhani waliorudi kutoka utumwani Babeli. Walitafuta nasaba yao katika orodha, isionekane, wakaondolewa katika kazi ya ukuhani. Huenda wengi wetu twaogopa jambo kama hilo, kwamba asiye na orodha hana heshima. Basi na wakumbuke Cecil Majaliwa. Alitekwa utotoni, akauzwa, akaokolewa, akafundishwa Unguja. Orodha ya mababu hakuwa nayo. Mwaka 1890 alifanywa kasisi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni yake, akaenda kuwahudumia Wayao wenzake huko Chitangali.

Sasa twawapa wasomaji wetu shauri, kama tulivyolipata sisi. Waulizeni wazee leo, maana mzee akifa huzikwa na habari zake. Waulizeni upande wa mama kama upande wa baba. Wasipojua miaka, wapeni alama: njaa gani, vita vya mwaka 1914 au vya Maji Maji, nzige, kuja kwa reli. Kisha linganisheni maneno yao na vitabu vya Kanisa. Yakipatana, andikeni kwa wino. Yasipopatana, andikeni kwa penseli, wala msifute upande wo wote. Tena msiwaonee haya wale walioonewa. Aibu ya utumwa ni ya mwenye kuuza na mwenye kununua, si ya mtoto wa miaka minane.

Ile karatasi yetu ya matawi tunayo nyumbani. Juu ya jina la bibi wa bibi yetu nafasi mbili zingali tupu, nasi hatukuzijaza kwa kukisia. Tumeandika kwa penseli "Myao". Lakini kando ya jina lake, mahali ambapo karatasi haikuwa na nafasi, tumechora mistari sita kwa mkono wetu, tukaandika kwa wino majina ya wenzake.